Tulikodi RV tukiwa na Bibi ndani: Phoenix, Grand Canyon, Page na kurudi

Niseme mapema, kampuni yenyewe siitaji jina maana bado tunadaiana nao. Ila gari na safari nzima nitaeleza, kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu aliyeandika kwa lugha yetu, mwenye wazazi waliotoka nyumbani na watoto wadogo, sikumpata, wote wanaoandika ni mzungu na mkewe na mbwa wao, na mbwa haulizi nyama imechinjwa na nani.

Sisi tunaishi Phoenix. Mwezi wa sita 2024 mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga akiwa na ba'mdogo. Watoto ninao watatu, wa miaka kumi, saba na mitatu, jumla na mimi na mume wangu tuko saba. Gari letu la nyumbani viti saba linavyo, ila mkishakaa wote mabegi labda muyapakate. Na mama magoti yanamsumbua, choo anakihitaji kila baada ya saa moja na nusu, chakula cha barabarani hali. Hoteli ya vyumba viwili pale Grand Canyon kipindi cha likizo ya shule niliangalia bei nikafunga simu. Ndo mume wangu akaja na wazo la RV, nyumba yenye magurudumu, nami nikakubali haraka haraka kwa sababu ya hicho choo tu.

Tulipewa ile aina ambayo kuna kitanda juu ya kichwa cha dereva, futi 30, mbele ni Ford E-450 na nyuma ni nyumba. Leseni ya kawaida inatosha, hata ba'mdogo alishangaa, akasema kwetu hili ungeulizwa daraja la leseni kabla hujagusa mlango. Tangazo lilisema inalala watu saba.

Jamani. Inalala watu saba kama watatu kati yao ni paka. Kitanda cha kweli ni kimoja, cha nyuma, hicho akapewa mama pamoja na huyu mdogo wetu. Cha juu ya dereva unapanda kwa kingazi na ukikaa kitako unagonga kichwa, wakalala hawa wawili wakubwa wakaona wamefika peponi. Kochi linafunguka, likawa la ba'mdogo, na ba'mdogo ni mrefu, kwa hiyo miguu yake ilikuwa inatokeza kwenye njia ya kwenda chooni na kila anayeamka usiku anaikanyaga, yeye anaitikia tu "pita, pita". Mimi na mume wangu tukabaki na meza ya kulia. Ndiyo, meza. Unaishusha, unapanga mito juu yake, unalala umejikunja kama sambusa. Halafu asubuhi ili watu wanywe chai lazima kwanza kitanda chenu kivunjwe, kwa hiyo sisi tulikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka siku zote tano. Kama mko wanne, sawa kabisa. Watano wavumilivu, sawa. Saba ni ya kwenye karatasi.

Na mkanda wa kila mtu uhesabu kabla ya kulipa, siyo vitanda tu. Kiti cha mtoto kinafungwa kwenye kiti cha mezani kinachotazama mbele, kile kinachotazama nyuma hakiruhusiwi, kwa hiyo mpango wa nani akae wapi unaanza kuwa mgumu hapo hapo.

Hela sasa. Bei ya tangazo dola 159 kwa usiku, mara tano ni 795, moyo ukatulia. Kumbe kuna ada ya kuandaa gari dola 175, bima 28 kwa siku, halafu maili za bure ni 100 tu kwa usiku, ukizidisha ni senti 45 kila maili. Tulitembea maili 712, zimezidi 212, dola 95 zikaondoka. Jenereta nayo ina mita yake, dola 4 kwa saa. Nikasema sisi hatutaiwasha, tunapaki kwenye umeme. Weee. Phoenix mwezi wa sita ni nyuzi 43, na AC ya kwenye dashibodi inampoza dereva na aliyekaa pembeni yake basi, nyuma mama anajipepea kwa kanga. AC ya juu ya paa ndiyo inayopoza nyumba na mkiwa barabarani haiwaki bila jenereta. Saa 11 tulitumia kwa jumla. Ukiweka na kodi ya serikali tukawa kwenye 1,380 hivi, bado mafuta. Gari linakula galoni moja kwa maili nane na nusu, dola kama 305 zilikwenda kwenye petroli peke yake. Shuka na sufuria walitaka kutukodishia pia, tukabeba za nyumbani, na nyie bebeni.

Kutoka Phoenix kwenda Flagstaff barabara ya I-17 inapanda kutoka kama mita 330 mpaka mita 2,100, na hili dude linapanda kama lori la mkaa. Ba'mdogo akawa anahesabu kona anasema hii ni Kitonga, ule mlima wa kona wa Iringa, ila Kitonga yenye lami pana. Tulishuka mpaka maili 40 kwa saa, malori yanatupita, mume wangu mikono miwili kwenye usukani hataki kuongeleshwa. Upepo nao unalisukuma. Usiende na hili gari ukiwa na haraka.

Choo. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo kilichotupeleka. Ni kadogo, mtu mnene anaingia kinyumenyume, hakuna kuvuta maji, unakanyaga pedeli pembeni chini kinafunguka. Mama alikipenda kuliko kitu chochote Marekani. Siku nne alikuwa hajakaa kwenye gari bila wasiwasi tangu atue, humu akawa anakunywa maji yake, anacheka, gari likisimama tu anaenda taratibu bila kuomba mtu. Kopo la kutawadhia tulikuwa tumelibeba, akaliweka kwenye kona ya bafu, kila kona kali likaanguka kwa kishindo na watoto wanapiga kelele "kopo la Bibi!". Kwa hilo peke yake narudisha hela zangu zote.

Upande wa pili wa choo sasa. Kampuni ilitupa video ya dakika 12 na karatasi ya kusaini. Video haikusema kwamba ukishaunganisha lile bomba kubwa la maji machafu kwenye shimo la kempu, koki ya tangi la choo unaiacha imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa ndo unafungua lote liende kwa pamoja. Sisi tuliiacha wazi tukidhani ndo ustaarabu. Mzee mmoja wa jirani, kastaafu anaishi kwenye RV mwaka mzima, akapita na kikombe cha kahawa, akaangalia, akauliza kwa upole hiyo koki mmeifungua tangu lini. Akatueleza kwamba maji yanakimbia yote, kile kingine kinabaki kinarundikana. Yaani kama kichuguu. Ba'mdogo akavaa glovu mbili mbili, akafunga koki, tukamwaga maji ndoo kwa ndoo, tukaendesha mizunguko miwili kempuni ili yatikisike, akafungua tena. Sitaendelea kueleza. Ila mtu mzima yule aliimaliza kazi bila kulalamika, halafu akaoga mara tatu tukaishiwa maji moto. Na karatasi za chooni nunueni zile zinazoyeyuka, watoto wafundisheni kukanyaga pedeli, maana wangu walikuwa wanakanyaga kwa raha tu kama baiskeli.

Grand Canyon tulipaki Trailer Village, ndani ya hifadhi upande wa kusini, kuna umeme, maji na hilo shimo, karibu dola 70 kwa usiku, basi la bure la hifadhi linapita karibu. Getini hatukulipa kitu. Huyu mkubwa wangu ndo alikuwa amemaliza darasa la nne, na serikali ya hapa inatoa pasi ya bure ya hifadhi za taifa kwa mtoto wa darasa la nne, inafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi wa nane na mnaingia naye gari zima. Wakati ule ilikuwa lazima uiprinti, kwenye simu hawakukubali. Dola 35 tumeziokoa kwa karatasi moja na mtoto kajiona ndo katulipia wote, safari nzima anakumbushia.

Lile bonde lenyewe mimi siwezi kulieleza. Mama alifika ukingoni, akashika chuma, akasema Subhanallah mara moja, kisha akanyamaza labda robo saa. Ba'mdogo ndo akauliza kama kule chini mto unaonekana. Jioni wanyama wa porini wanaoitwa elk wanapita katikati ya kempu, wakubwa kama pofu, hawana habari na mtu, na mama akaagiza watoto wote ndani mpaka waondoke.

Chapati. Jiko lina mafiga matatu madogo ya gesi na ukiwasha mafuta kengele ya moshi inalia, siyo labda, inalia. Siku ya kwanza mama alikuwa ndo anageuza ya tatu, kengele ikaanza, mdogo akaanza kulia, mume wangu anapunga taulo chini ya dari, mimi nafungua madirisha, na mama hajageuza hata shingo, anasema "zimeni hicho kitu chapati isije ikakauka". Kesho yake tukatoa jiko dogo la gesi tulilobeba tukaweka kwenye meza ya nje, kila nafasi pale ina meza yake ya mbao. Chapati 24. Yule mzee wa koki akapelekewa nne na maharage ya nazi, akarudi na sahani imeoshwa na mapichi ndani yake, na mama akasema huyu kalelewa.

Kutoka hapo tulienda mji wa Page kupitia Cameron, kama maili 135, jangwa jekundu. Angalizo: Arizona haibadilishi saa kiangazi, lakini ardhi ya Wanavaho inabadilisha, na barabara inapita humo, kwa hiyo simu zinaruka lisaa mbele zenyewe. Tulipofika Page simu yangu ilikuwa inasema hivi, ya mume wangu vile. Tulikuwa tumekodi boti ya saa tatu asubuhi Lake Powell, tukakurupuka, watoto hawajanywa uji, tukafika tunahema, kumbe ni saa mbili. Mama akasema mie niliwaambia jua bado, hamkunisikia.

Ba'mdogo yeye aliijia Page kwa ajili ya bwawa. Kastaafu Tanesco, alisimama kwenye daraja la Glen Canyon akaangalia ukuta ule wa mita 216 kwa heshima zote, akasoma kibao, megawati 1,320, akakunja mikono nyuma. "Letu la Nyerere ni 2,115," akasema. Nikamwambia ba'mdogo, mitambo ni tisa na bado siyo yote iliyowaka. Akasema itawaka. Hadi usiku alikuwa anamweleza mume wangu habari za maporomoko ya maji, mume wangu anasinzia juu ya meza ambayo ndo kitanda.

Page ndiko friji ilikokufa. Kuku niliyemkolezea viungo nyumbani akaanza kunuka, maziwa ya mtoto yakakatika. Nikapiga kastoma kea, dakika 50 nasikiliza muziki, akapokea kijana akasema zima halafu uwashe. Asante. Ba'mdogo akaweka glasi ya maji mezani, akainama kuiangalia, akasema gari limelala upande. Kumbe friji za hivi zinataka gari likae sawasawa, likiinama hazipoozi. Zile tabo za plastiki za kuweka chini ya tairi zimeandikwa kwenye orodha ya vifaa niliyosaini, kwenye boksi hazimo. Tukatafuta vipande vya mbao, mume wangu anapanda mbele kidogo kidogo, ba'mdogo kakodolea glasi anapiga kelele "bado, bado, hapo hapo!". Kesho asubuhi friji baridi. Kuku tulishamtupa.

Kurudisha sasa, someni hapa vizuri. Wakati wa kuchukua gari piga video nje na ndani, juu mpaka chini, na lile turubai la kivuli lifungue lote ulipige. Mimi nilifanya hivyo kwa uchoyo tu wa simu mpya. Tuliporudisha, mkaguzi akaliona turubai lina mchano wa kama kidole, akaandika dola 240. Nikamfungulia video, mchano ule ule, tarehe ile ile tuliyochukua gari, na sauti yake mwenyewe inasikika anasema hicho ni cha zamani. Akafuta. Hakusema samahani.

Je, nitakodi tena? Kwa hawa wazee na watoto ndiyo, ila tukiwa saba nitachukua na hema kwa ajili ya wawili, na siyo mwezi wa sita, na siyo kwa hao. Nyota tatu, mbili za choo na moja ya gari kutoharibika njiani.

Dipoziti ya dola 1,000 ilirudi baada ya siku 16, pungufu ya 35, wanasema hatukujaza gesi ya kupikia. Risiti ya kujaza ninayo, nimewatumia mara tatu, juzi wamenijibu niitume tena.