TAHADHARI: Hadi diski (hard disk) za NAS zilizobadilishwa lebo, Unguja

Assalaam alaykum. Kwa wenye NAS (kasha la diski la kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) majumbani na kwenye studio: kuna muuzaji anazungusha kwenye magrupu ya WhatsApp hadi diski za Seagate IronWolf za TB 4, "mpya kabisa, mzigo wa Dubai". Ukitaka kuziona anakwambia mkutane Darajani. Msitoe pesa kabla ya kuzipima.

Shemeji yangu, mpiga video za harusi, alichukua mbili za kutia kwenye NAS yake, Synology DS220+. Moja ikakaa. Nyengine, kila RAID (mpango wa diski kadhaa kufanya kazi pamoja) ikianza kujijenga, inakwenda masaa kisha NAS inaitoa. Akaniita. Lebo imeandikwa ST4000VN008, na hiyo kweli ni IronWolf. NAS yenyewe inaisoma ST4000DM004, yaani BarraCuda ya kompyuta ya mezani! Nikapitisha ukucha pembeni ya lebo, ikainuka; chini yake ipo ya asili, imekwanguliwa nusu.

BarraCuda hiyo ni SMR. Mistari ya data inalaliana kama makuti ya paa, kwa hiyo kubadilisha mmoja ni lazima kuandika upya na ya jirani yake. Kwa mafaili ya hapa na pale hutaona kitu. Ikilazimishwa kuandika masaa mfululizo inazorota mpaka NAS inaihesabu mbovu. IronWolf ni CMR, mistari yake hailaliani.

Na ile iliyokaa? IronWolf halisi, ila SMART, ripoti ya afya ya diski, inasema imefanya kazi kwa masaa 9, na FARM, kumbukumbu ya ndani ya Seagate, inasema zaidi ya 20,000. Saa zimefutwa. Mchezo huu huu ulifichuka Ulaya mwanzoni mwa 2025.

Muuzaji alipobanwa akajibu: "Synology siku hizi inakataa diski za kampuni nyengine." Hapo ndipo anapowapata wengi, maana jambo lenyewe lilikuwepo. Synology waliweka sharti hilo kwa mashine za Plus za 2025, wakalilegeza Oktoba mwaka huo kwa DSM 7.3, programu inayoendesha NAS zao. DS220+ ni ya 2020, sharti halikuigusa hata siku moja.

Akikutumia picha ya lebo, mwambie aichomeke kwenye kompyuta, aendeshe smartctl -l farm (smartctl ni programu ya kusoma hali ya diski; toleo 7.4 au jipya zaidi) akutumie picha ya skrini. Mimi nilimwomba hivyo kwa namba nyengine, nikijifanya mteja mpya. Akanibloku.