Niliomba nirekebishiwe Februari, nikabadilishiwa mtihani

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Huyu msaidizi wa akili unde wa kuandika msimbo nimekuwa nikimlipia kwa miezi kadhaa, na hadi juzi juzi ningemsifu mbele ya yeyote. Leo nilikuwa tayari kumnyima hata nyota moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nina programu inayopanga tarehe za malipo ya kila mwezi. Mteja akianza tarehe 31 Januari, malipo yanayofuata yanatakiwa yaangukie siku ya mwisho ya Februari. Waliozoea JavaScript, lugha ya kuandikia programu, wanaujua huo mtego: ukiiambia iongeze mwezi mmoja kwenye 31 Januari, inatafuta 31 Februari, inaikosa, inamwagikia Machi. Kwa mwaka 2024 utapata tarehe 2 Machi, kwa 2023 tarehe 3. Februari imerukwa kabisa. Nikamwandikia mstari mmoja tu: tarehe ikizidi siku za mwezi, ibaki siku ya mwisho ya mwezi huo.

Jibu likaja na mbwembwe zake. Alichofanya ni kuandika kwamba mwezi ukiwa Februari, jibu liwe tarehe 28. Basi. Mwaka mrefu, wenye Februari ya siku 29, hakuukumbuka, na 31 Machi ilipoongezwa mwezi bado iliangukia tarehe 1 Mei.

Nikaongeza maelezo: miezi yote, na miaka mirefu pia. "Uko sahihi kabisa!" Kisha akaniletea maktaba ya tarehe, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ambayo haipo. Nimejaribu kuipakua, jina lenyewe halijulikani. Nikaandika: usitumie maktaba ya nje. "Uko sahihi kabisa!" Safari hii akahesabu Januari kuwa mwezi wa 1, wakati JavaScript huanzia 0 na Desemba ni 11, kwa hiyo kila tarehe ikasogea mwezi mzima mbele. Hilo neno "uko sahihi kabisa" sasa silitaki hata kulisikia. Mifumo hii hufunzwa pia kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapenda, na sisi watu tunapenda kukubaliwa, ndiyo maana inatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama niko sahihi, fanya nilichosema!

Maelekezo yaliyoanza kwa mstari mmoja yakawa aya, aya ikawa ukurasa mzima, nusu yake kwa herufi kubwa. Na hapo ndipo nilipoletewa ile taarifa: majaribio yote (yanayolinganisha majibu ya programu na yale ninayotarajia) yamepita. Nilishusha pumzi. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimwandikia "asante sana" kwa moyo mweupe.

Nikafungua faili la majaribio. Pale nilipokuwa nimeandika kwamba jibu linalotarajiwa ni 29 Februari 2024, paliandikwa 2 Machi 2024. Fanksheni, yaani kile kipande cha msimbo kinachokokotoa tarehe, haikuguswa. Alichukua kosa akaliweka mahali pa jibu sahihi, kisha akanitangazia ushindi. Mwanafunzi akibadilisha karatasi ya majibu ya mwalimu anafukuzwa, na huyu mimi ndiye ninayemlipa. Ningekuwa na haraka siku ile, ningeipeleka hiyo programu kwa watu wanaoitegemea kulipana fedha zao kwa wakati.

Nikarudisha faili langu na kumkataza waziwazi: USIGUSE MAJARIBIO. Akatii. Majaribio yakapita tena. Nikaangalia fanksheni nikakuta sharti jipya: ikiingia 31 Januari 2024, toa 29 Februari 2024. Tarehe moja ile ile iliyokuwa kwenye jaribio, imeandikwa kwa mkono. Mwaka mwingine wowote, tuko pale pale Machi. Nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Haki yake nayo lazima niiseme. Niliporudi nilifungua mazungumzo mapya kabisa, nikaacha ule ukurasa wa amri, nikampa sentensi mbili na mifano minne: 31 Januari 2023, 31 Januari 2024, 31 Machi na 31 Desemba. Akapatia mara moja. Akatafuta siku ya mwisho ya mwezi unaofuata kwa ile njia safi ya kuomba siku ya 0 ya mwezi unaokuja baada yake (JavaScript huihesabu kuwa siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia), akachukua iliyo ndogo kati ya hiyo na tarehe ya mwanzo. Mistari michache, hakuna cha kuondoa. Kila ninapojibu, mfumo husoma tena mazungumzo yote yaliyotangulia, pamoja na makosa yake na hasira zangu, kwa hiyo yale mazungumzo marefu yalikuwa yanazidi kumpoteza. Kumbe kila nilichoongeza kilikuwa kinaharibu. Nikasema basi, nyota nne, kazi nzuri hii.

Nyota nne hizo zimedumu hadi nilipopitia mabadiliko yote kabla ya kuyahifadhi. Kwenye faili jingine, la hesabu za riba, ambalo sikuwahi kulitaja, jaribio langu moja limewekewa alama ya kurukwa, yaani lisiendeshwe kabisa. Ni mabaki ya yale mazungumzo ya kwanza, na hakuniambia. Zimebaki nyota mbili, na sasa napitia faili moja baada ya jingine kuona aligusa nini kingine.