Funza wakavu wa kulishia sato: nimewatumia misimu miwili, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa samaki habarini. Kuna watu kama wanne wameniuliza inbox kuhusu wale funza wakavu ninaolishia sato wangu huku Misungwi, Mwanza, nikaona badala ya kurekodi voisi kila mtu na yake niandike mara moja yaishe. Jina la muuzaji silitaji, mbele huko mtaelewa kwa nini, ila bado tunasalimiana vizuri tu.

Kwanza tuelewane, funza siyo wale wa kwenye vidole vya miguu, maana mama mkwe wangu nilipomwambia nimenunua gunia la funza alinyanyua miguu yote miwili juu ya kochi. Hawa ni funza wa nzi chuma, wengine wanamwita nzi askari, vijana wao wanasema BSF basi, kifupi cha jina lake la Kiingereza, black soldier fly. Nzi mwenyewe mweusi mwembamba, ukimwona harakaharaka utadhani nyigu. Akishakuwa mkubwa hana habari na chakula chako wala haumi, anaishi siku chache tu, anapanda, anataga, anakufa. Kula kote anakumaliza utotoni, unamwekea maganda ya maembe, nyanya zilizooza za sokoni, ugali uliolala, ndani ya wiki mbili hivi kashanenepa anavunwa.

Kilichonipeleka huko ni dagaa. Nilikuwa nasaga dagaa kuchanganya na pumba na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kama wengi wetu, na mnajua dagaa wa kulishia mifugo ndo wale walioanikwa chini, ukipepeta unabaki na mchanga wa kujengea choo. Halafu bei nayo, ikiingia mbalamwezi wavuvi hawatoki basi gunia linapaa, na huyohuyo dagaa unagombania na mwenye kuku, na mama anayetaka mboga ya mafungu. Siku moja nimesimama mwaloni, pale wanaposhushia samaki, nabishana bei na mama mmoja, mwenzangu anataka za watoto wake mimi nataka za kuwapa samaki. Niliona aibu kidogo kusema kweli.

Na hili swali siyo la Misungwi tu. FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema mwaka 2022 ndo mara ya kwanza wanyama wa majini wa kufugwa kuzidi wa kuvuliwa, tani milioni 94.4, yaani asilimia 51. Sasa hao wote wanakula nini, kama kila mfugaji anarudi ziwani na baharini kuvua wadogo ili alishe wakubwa tutakuwa tumefanya nini? Ndo maana watafiti wamehamia kwa wadudu. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, wamefanya kazi kubwa sana na huyu nzi, Ulaya waliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki wa kufugwa tangu Julai 2017, na majirani zetu Kenya mwaka huohuo wakatoa kiwango cha wadudu wakavu wa kutengenezea chakula cha mifugo.

Basi nikampata kijana anayezalisha, akaniletea mwenyewe na bodaboda. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akafungua gunia. Jamani wanavutia! Wamekauka wanalia kama bisi, rangi ya kahawia, harufu kama karanga zilizoungua kidogo. Ukimminya mmoja anavunjika kwa mlio na vidole vinabaki na mafuta. Kwenye gunia wameandika kwa maka nyeusi PROTINI 55%. Bei 2,500 kilo. Chakula cha kuelea kutoka nje, vile vidonge vya kiwandani, nilikuwa nanunua 4,000 kilo, kwa hiyo moyo ukaruka.

Nina mabwawa mawili yanayofanana, mita 10 kwa 20, kila moja nikaweka vifaranga 600 wa jinsia moja wa gramu 20 hivi. La juu nikalisha cha kuelea, la chini nikalisha mchanganyiko wangu. Hesabu nilipiga kwa kuiamini ile 55: funza kilo 3, mashudu ya alizeti kilo 4, pumba kilo 3, inakuja protini kama 31%, ambayo kwa sato anayekua inatosha kabisa. Nafunga na uji wa unga wa muhogo, napitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, naanika. Ukijumlisha na kusagisha inanigharimu kama 1,300 kilo. Nikawa najiona profesa.

Kula wanakula, hilo siwadanganyi. Siku ya kwanza niliwarushia funza wazima kiganja kimoja kuwaonjesha, wanaelea sababu ya mafuta, maji yakachemka, mpaka mume wangu ambaye habari za mabwawa hazimhusu akaja kuangalia. Ila wazima msilishe kila siku, mimi nilifanya hivyo wiki nzima kwa uvivu wa kusaga nikaona utando wa mafuta juu ya maji asubuhi, kama mtu kamwaga supu.

Miezi minne nikatupa kimia. Bwawa la juu wastani gramu 210. Bwawa la chini gramu 160. Nilipima mara tatu nikidhani mzani una shida.

Hapo ndo nikaanza kuuliza. Kuna binti anasoma mambo ya samaki chuo, alikuja kwetu likizo, nikamwonesha daftari langu. Kwanza akacheka, akasema shangazi hii siyo utafiti hii ni bahati nasibu, bwawa moja kwa moja huwezi kujua ni chakula au ni bwawa lenyewe, sisi kila chakula tunakirudia kwenye mabwawa matatu au zaidi na tunapiga kura bwawa gani lipate nini. Sawa nikameza. Ila akabeba funza kwenye kopo la blubendi akawapimia maabara. Majibu: protini 39%. Siyo 55. Kwa hiyo chakula changu cha 31 kilikuwa 26.

Na bado, kuna kitu alinieleza ambacho sijawahi kukisikia kwa muuzaji yeyote na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika hapa. Maabara hawapimi protini yenyewe, wanapima naitrojeni halafu wanazidisha kwa 6.25. Kwa nyama na dagaa hiyo hesabu haina shida kubwa. Lakini mdudu ana ganda, na ganda lake lina kaitini, na kaitini nayo ina naitrojeni, kwa hiyo unahesabiwa ganda kama nyama. Watafiti wa Uholanzi walilichambua hili wakachapisha 2017, wakasema kwa funza huyu zidisha kwa 4.76. Fanyeni wenyewe: 39 gawanya kwa 6.25 zidisha 4.76, unapata kama 30. Chakula changu nilichokiita 31 kikaanguka mpaka 24 hivi! Sato wangu walikuwa na njaa ya protini miezi minne na mimi nawaita wavivu.

Sasa msinielewe vibaya, simaanishi funza ni feki. Kuna majaribio mengi tu ya sato ambapo walitoa nusu ya unga wa samaki wakaweka huyu funza na ukuaji haukushuka, ila wenzetu wanasawazisha kila kitu, wanaangalia mpaka methionini, kijenzi kimoja cha protini ambacho kwenye wadudu huwa haba, siyo sisi wa kukadiria kwa kopo. Na umri wa kuvuna nao ni ishu, akishaanza kuwa mweusi anakaribia kugeuka nzi, ganda linazidi kukomaa, kwa hiyo gunia lenye weusi wengi ujue unanunua maganda. Mimi sasa hivi nachota kiganja kutoka katikati ya gunia namwaga kwenye ungo, nikiona weusi wamejaa namwambia rudisha.

Mafuta nayo yana habari yake. Huyu funza amejaa asidi ya lauriki, ileile ya kwenye nazi, lakini zile omega 3 ndefu za samaki hana kabisa au anazo kiduchu. Sato haimsumbui sana, siyo kama samoni. Ila mlaji anaondokewa na kitu, maana kile dagaa alichokuwa anampa samaki wako na wewe unakipata, funza hana. Ndo maana dagaa sijamtoa kabisa, naweka kidogo mwezi wa mwisho kabla ya kuvuna, na hii ni akili yangu tu msije mkasema nimefundishwa.

Msimu wa pili nikapanda na funza mpaka kilo 5 kwenye kila kilo 10, mashudu 3, pumba 2. Gharama ikapanda ikafika 1,700 hivi, na nikabadilisha mabwawa kama binti alivyoniambia, la juu likala funza. Matokeo gramu 185 kwa 205 wa chakula cha kuelea. Kwa upande wa hela, kupata kilo moja ya samaki nilitumia kama kilo 1.5 ya cha nje, hiyo ni 6,000. Ya kwangu ilienda kilo 2.1, haifiki 3,600. Kwa hiyo ndio, wanachelewa kidogo lakini mfukoni nimebaki na kitu, na mimi siuzi hotelini, wateja wangu wa jirani wanataka samaki wa kutosha sahani basi.

Sasa huduma. Hapa ndo roho inauma. Mzigo wa kwanza ulikuwa safi, wa pili safi, wa tatu uliletwa Machi mvua zinanyesha. Sikuwepo, mtoto akapokea akalipa. Narudi jioni nafungua naona joto, yaani unaingiza mkono katikati ya gunia kuna fukuto kama kwenye mbolea, na harufu ya karanga hakuna tena, ni harufu ya godoro lililokojolewa. Ukivunja funza havunjiki, anapinda. Wengine wana ukungu wa kijani. Kilo 50 hizo. Nikapiga simu, kijana akaniambia mama waanike tu juani ukungu utaondoka. Mwanangu! Ukungu unaondoka, sumu yake haiondoki kwa jua, hata mahindi tunajua hilo. Kumbe siku za mvua walikuwa hawawakaangi kwenye mchanga kama mwanzo, wanategemea jua ambalo halipo. Tukavutana wiki mbili, mwisho akanirudishia nusu ya hela na maneno ya "mama tusameheane". Nilimsamehe, ila gunia nililichimbia, na hasara ya nusu ni yangu. Tangu hapo hela inatoka baada ya mimi mwenyewe kumvunja funza kwenye vidole nikasikia ta!

Ile 55% ya maka nyeusi nilimuuliza pia. Akasema aliisoma mtandaoni. Inawezekana kabisa aliona ya funza waliokamuliwa mafuta, maana ukitoa mafuta asilimia inapanda, lakini wake hawajakamuliwa. Nilimpa karatasi ya maabara bure. Gunia la mwisho limeandikwa PROTINI 40%, nikasema haya, tumetoka mbali.

Kuna wanaouliza ladha. Nimekaanga wa bwawa la juu na la chini, nikaunga wengine na nyanya chungu, watu saba wamekula nyumbani hakuna aliyejua yupi ni yupi. Isipokuwa mteja wangu mmoja mwalimu, alipojua nawalisha funza akaacha kununua wiki tatu. Nikamuuliza mwalimu, kuku wa kienyeji unayemsifia kila siku anachakura nini pale jalalani, hotpot? Amerudi.

Ukinitaka nyota, funza wenyewe nawapa 4 kati ya 5, muuzaji 2 na nusu, na hiyo nusu ni ya kurekebisha yale maandishi ya kwenye gunia. Kama una bwawa dogo na mashine ya kusagia, jaribu kwa gunia moja kwanza na usiache kupima samaki kila wiki mbili. Kama una vizimba ziwani unahitaji cha kuelea, huu mchanganyiko wangu unazama, utakuwa unawalisha kambare wa chini kwa hela yako.

Mimi nimeshachukua mayai ya nzi gramu 5 kwa jamaa mwingine nijizalishie mwenyewe, nimeweka beseni nyuma ya banda la mbuzi na maganda ya ndizi. Mama mkwe hajaambiwa.