Eksteno gani ununue ukiwa na mafaili kibao: SSD, HDD au flashi (wa Mtwara na Lindi pitieni hapa)

Hela za korosho zikishaingia hapa Mtwara harusi zinafuatana, na sisi wapiga picha ndo tunaanza kuulizana ninunue eksteno (diski ya nje ya kutunzia mafaili) gani. Mi nina folda moja ina picha kama elfu themanini, kila wiki naikagua kwa skripti ya Node.js (kitu cha kuendeshea kodi za JavaScript kwenye kompyuta) yenye paketi ya walkdir, yaani kodi iliyoandikwa tayari ya kupekua folda, unaitajia folda inazama yenyewe mpaka chini kabisa, kila ikikuta faili inarusha tukio (taarifa) la `file`, ikimaliza `end`, wewe unaweka wasikilizaji tu, yaani vipande vya kodi vinavyosubiri hayo matukio, basi. Kwa hiyo spidi iliyoandikwa kwenye boksi siiangalii sana, naangalia kitu kinavyohimili kupekuliwa mafaili madogo madogo mengi.

Namba 1 SSD ya nje, hata ya GB 500. Ndani hamna kinachozunguka, unaitia kwenye begi unapanda bodaboda toka Shangani mpaka Mikindani huna presha. Bei inauma, sikatai. Na kompyuta ikikuonyesha GB 465 usirudi dukani kugombana, mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Namba 2 HDD, hii ya anayetaka TB 2 na mfuko hauruhusu. Ndani kuna sahani zinazunguka na kichwa cha kusomea kinahamahama, so video moja kubwa inasoma fresh tu ila picha elfu themanini kichwa kinahangaika, unaenda kunywa chai unarudi bado inahesabu. Ikidondoka inafanya kazi ndo imekula kwako. Mi yangu ni ya nakala ya pili, inakaa droo.

Namba 3 flashi ya kampuni inayojulikana, ya kumpelekea mteja wa Lindi kazi yake tu, sio ya kutunzia. Ifomati exFAT (mfumo wa kupanga mafaili ndani ya flashi), maana FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4 na video ya harusi inafika hapo mapema sana.

Ya mwisho, yaani usinunue: flashi ya "TB 2" bei ya kutupa. Nilishauziwa moja bana. Chipu yake inaidanganya kompyuta kuhusu nafasi, unakopi unakopi haikatai, ikijaa vya mbele vinapotea au vinafutana. Na kilichoniponza zaidi ni kwamba skripti yangu ilipita ikahesabu mafaili yote yapo! Kumbe kupita folda ni kusoma majina na taarifa zake tu, ya ndani haifungui. Siku hizi ndani ya msikilizaji wa `file` nalisoma faili lote natoa sha256 (namba ndefu inayokokotolewa toka vilivyomo, kitu kikibadilika nayo inabadilika) nalinganisha na ya kule nilikokopi. Halafu weka na msikilizaji wa `fail`, maana walkdir ikishindwa kusoma kitu huko katikati inakuambia kwa hilo, `error` ni pale folda uliyoitaja yenyewe haisomeki, na hiyo `error` usipoiwekea msikilizaji Node inakufa hapo hapo.

Kwa hiyo kabla hujalipa kubaliana na muuzaji siku za kurudisha na akuandikie kwenye risiti, uende nyumbani uijaze mpaka pomoni ndo uipitishie hiyo skripti. Akianza oh kitu kikitoka hakirudi, we nenda duka la pili.