Pijo 504: nibaki na kabureta au niweke injeksheni?

Oyaa wakuu, boneti iko wazi kama mnavyoona, Pijo 504 ile ile, na leo namjibu yule mwamba anayeniuliza kila video "bro kabureta au injeksheni". Kwa mgeni, kabureta inachanganya mafuta na hewa yenyewe bila umeme, injeksheni inapuliza mafuta kwa presha. Mimi hii gari nimeiendesha na kabureta ya Weber 32/36 karibu miaka miwili, halafu nikaitoa nikafunga throto bodi ya injeksheni, inayokaa pale pale pa kabureta, na kompyuta yake, kwahiyo siongei vya kusikia.

Kabureta kwanza. Hiyo 32/36 ni matundu mawili, moja la milimita 32 jingine 36, ukikanyaga taratibu linafanya kazi lile dogo tu, ukizamisha mguu ndo la pili linafunguka, so ukiendesha kistaarabu hainywi mafuta kihivyo. Na ikizingua hata Makambako saa nne usiku unafungua na bisibisi, unapuliza jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, na mdomo, unafunga, unasepa. Shida ni mlima. Umeitune Dar usawa wa bahari ikatulia vizuri, sasa ipeleke Njombe karibu mita 2,000, hewa imepungua kama moja ya tano ila kabureta haina habari, inaendelea kumwaga mafuta kwa vipimo vya Dar, plagi nyeusi tii, gari zito, mlima Kitonga pale unapitwa na fuso imebeba saruji, aibu. Na ukirudi Dar joto lile, umekaa foleni umezima, unawasha haiwaki, mafuta yamechemka humo humo ndani ya kabureta.

Injeksheni sasa. Kuna sensa kwenye bomba la eksozi inanusa moshi, inaiambia kompyuta ongeza au punguza, basi. Asubuhi ya baridi kule Njombe unawasha mara moja, huvuti choki, silensi imetulia. Mlimani nguvu inapungua ndio, hewa si ni chache, hakuna muujiza, ila haikohoi.

Lakini sasa. Kabureta inataka presha ya psi 3 hivi imeridhika, hii yangu inataka 58, maana yake pampu ya umeme, mipira ya presha, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi, na tangi lenyewe lina miaka zaidi ya 40 limejaa kutu. Wiki ya kwanza filta imeziba mara mbili nikawa natukana kompyuta ya watu bure. Halafu nikazimikiwa Chalinze, waya wa ethi tu umelegea, kompyuta haipati umeme. Akaja mzee mmoja fundi wa pale, akachungulia, akafunga boneti taratibu, akaniambia "mwanangu, hii yako ina mambo mengi."

Na nyie mnaosema injeksheni inaharibu uasili wa Pijo, jamani, dereva Ove Andersson kabeba ushindi wa Safari Rally 1975 na 504 ya injeksheni, imetoka nayo kiwandani! Ila ile ni pampu ya Kugelfischer inazungushwa na mkanda, hamna kompyuta, na leo ukiikuta imekufa kumpata wa kuifufua ni shughuli nzito.

Kwahiyo kama gari lako ni la Dar, ukitoka sana ni Bagamoyo wikiendi, baki na kabureta, hela peleka kwenye distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, maana kabureta nyingi naletewa eti mbovu kumbe ni platinamu ya humo ndani imeisha. Kama unapanda na kushuka kama mimi, weka injeksheni, ila anza na tangi na nyaya, kompyuta iwe ya mwisho kununua.

Mimi sirudi nyuma. Ila ngoja niwaonyeshe kitu, kamera huku nyuma... buti hii hapa, mnaona hilo taulo? Weber yangu hiyo, na ile pampu ya mafuta ya zamani, ya enzi za kabureta, sijaing'oa kwenye injini.