Walipiga picha goti, kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga

Hasira hii nimekaa nayo muda sasa. Mwanangu wa miaka 12 alianza kulalamika goti. Daktari akalibonyeza, akaagiza eksirei ya goti, ikatoka safi. Akamtazama mtoto kuanzia juu mpaka chini, akaniambia mbele yake: "Mama, huyu ni unene tu. Apunguze kula, aache kudeka." Mtoto akainamisha kichwa, akavuta shati lifunike tumbo. Tukapewa dawa ya kuchua.

Tukarudi, sasa anachechemea, unyayo umegeukia nje. Hata kumlaza kitandani hakumlaza. Eksirei ya goti tena!

Daktari wa mifupa tuliyemwendea baadaye alimlaza, akalikunja paja kuelekea tumboni. Mguu ukakwepa wenyewe, goti likatazama nje. Dakika moja haikuisha. "Kuanzia sasa asikanyage chini," akasema, akaagiza kiti cha magurudumu. Picha ya nyonga, ile ya kupanua mapaja kama chura, ikaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza pale kwenye gegedu la ukuaji, yaani sehemu laini ambapo mfupa wa mtoto hurefukia. Maumivu ya nyonga, akanieleza, hufuata mshipa wa fahamu yakasikika gotini. Na unene? Ni kweli unachangia. Basi unene huohuo ndio ulipaswa kumkumbusha yule wa kwanza aangalie nyonga, badala ya kumtukana mtoto wa watu!

Alipigwa nusukaputi, akawekwa skrubu moja kupitia tundu dogo. Mfupa haukurudishwa mahali pake, ulishikizwa hapohapo ulipofikia usiteleze zaidi, kwa sababu kuulazimisha kunaweza kukata damu inayolisha kile kichwa. Nilikuwa tayari kuwasifia bila kubakiza. Lakini kwamba mguu ungeweza kubaki umegeuka kidogo, na kwamba nyonga ya pili nayo inaweza kuteleza, niliambiwa siku ya kuruhusiwa, tumeshashika begi na magongo. Hilo liliniudhi sana. Hata hivyo, nikimwona anainama kufunga kamba za viatu, mkono wa yule daktari naushukuru. Wa kwanza sijamsamehe.

Juzi amesema goti la upande wa pili linavuta. Sikumwacha hata anywe chai. Nimeomba picha ya nyonga zote mbili kabla sijaketi.