Kamera ya filamu ya kupigia milima: itoe betri kwanza

Lalamiko ninaloletewa sana na wasomaji ni hili: kamera ya filamu iliyotumika, inang'aa, muuzaji kaapa imejaribiwa, ikafika mlimani ikagoma. Lenzi haina ukungu wala mkwaruzo. Betri ndiyo imezimika, na kamera nayo ikazimika.

Lenzi na mwonekano utavikagua mwenyewe. Mimi nauliza jambo moja tu: betri ikitolewa, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu) inafyatuka? Baridi huzidhoofisha betri, hasa za alikali. Na picha nzuri za barabara za milimani hupatikana alfajiri, jua likiwa chini na kila kona ikionyeshwa na kivuli chake, yaani saa ile ile ya baridi kali.

Ya kwanza kwangu ni Nikon FM2, na sioni mpinzani. Ilitoka 1982. Shata yake ni ya kimakanika, kuanzia sekunde nzima hadi 1/4000, na betri inahudumia kipima mwanga tu. Kikizimika, jua likishapanda na anga ikiwa wazi, weka f/16 (tundu dogo la lenzi) na kasi ya shata inayokaribia ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga: ISO 100, basi 1/125. Theluji ikitanda, f/22. Filamu ya negativu kama Portra 400 itakuvumilia ukizidisha mwanga kidogo. Velvia 50, filamu ya slaidi, haivumilii, kwa hiyo nayo usikisie.

Inafuata Olympus OM-1. Ni nyepesi, ya kimakanika pia, na kioo chake cha ndani hufungwa juu kabla ya kupiga, jambo linalopunguza mtikisiko ukitumia tripodi. Tatizo ni kwamba kipima mwanga chake kiliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena; ukiweka ya volti 1.5 hukosea vipimo.

Pentax K1000 ni ya bei nafuu na inatosha.

Canon AE-1 naiweka mwisho. Bila betri haifyatuki kabisa. Kama unayo tayari, beba betri ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Wauzaji wananikera. "Imejaribiwa" maana yake wametia betri mpya, wakafyatua mara mbili chumbani kwenye joto. Kisha bei inapandishwa kwa sababu kamera hiyo imevuma mitandaoni, na nyongeza hiyo ingekununulia filamu za safari nzima! Mwambie aitoe betri mbele yako, avute wenzo wa kusogeza filamu, afyatue kasi moja baada ya nyingine. Akisitasita, usinunue.